Soko, marikiti, diko au mnada: neno lipi uliweke wapi

Tangazo lilikuwa la mistari minne tu. Ofisi moja ilitaka kuzungumza na wavuvi wa kijiji kimoja cha pwani ya mashariki ya Unguja, nami nikapewa kazi ya kupitia Kiswahili chake kabla halijabandikwa. Liliandikwa hivi: "Wavuvi wote mnaombwa kufika soko la samaki siku ya Jumamosi, saa mbili asubuhi." Nikalisoma, nikarekebisha nukta na herufi kubwa, nikalirudisha. Jumamosi ilipofika, wazee wenye ngalawa walikaa dikoni, pale pwani vyombo vyao vinapofikia, chini ya mti wa mkungu, wakiwasubiri wageni. Wageni nao walikaa kwenye banda la saruji kando ya barabara, lenye kibao kilichoandikwa "Soko la Samaki", wakiwasubiri wavuvi. Baina ya makundi mawili hayo hapakuwa na hatua mia tatu. Saa nne wageni wakapanda gari wakaondoka, na wavuvi wakasema wamedharauliwa.

Kosa lile nilikuwa na uwezo wa kulizuia. Nimekulia Unguja, na najua kuwa mvuvi wa kijiji kile haendi sokoni na samaki wake. Akishafunga ngalawa na samaki wakishanadiwa, kazi yake imekwisha. Banda la barabarani ni la wachuuzi. Lakini neno "soko" limezoeleka kiasi kwamba nililipita bila kulisikia. Tangu siku ile kila ninapoandika au kupitia maandishi ya watu huyaweka maneno haya ubavu kwa ubavu kwanza. Wanaokwama ni wengi: waandishi wa habari, wanaoandika vibao, wafasiri, na zaidi wageni wanaokuja Mjini kujifunza Kiswahili, kwa sababu daftari zao huwapa maneno yote haya kwa maana moja, kama kwamba unaweza kuokota lolote.

Mimi hujiuliza mambo matatu kabla ya kuchagua. Panauzwa nini? Bei inapatikanaje? Na watu wakishaondoka, panabaki nini?

Soko na marikiti

Soko ndilo neno pana kuliko yote. Asili yake ni Kiarabu, suq, na limeshakaa katika Kiswahili muda mrefu hata halina ugeni wowote: soko limejaa, masoko yamefungwa, kisoko cha uchochoroni. Halidai jengo, wala halidai ukubwa. Kina mama watatu wakizoea kukaa chini ya mwembe na mafungu yao ya tungule, yaani nyanya, na bilingani, baada ya wiki chache watu watasema "nimezinunua pale sokoni", na hakuna atakayeuliza paa liko wapi.

Ushahidi mzuri uko ndani ya Mji Mkongwe wenyewe. Kuna mtaa unaitwa Sokomuhogo. Ukipita leo utaona maduka, milango ya kuchonga, watoto wanaotoka chuoni. Muhogo wa kununua huuoni. Jina tu ndilo lililobaki kusema kwamba hapa watu walikuwa wakikutana kwa ajili ya muhogo. Ndivyo soko lilivyo: watu wakihama, soko nalo limehama, na pakibaki kitu huwa ni jina.

Lipo soko jingine ambalo jina lake inatupasa tuliandike zima. Mkunazini, pale lilipo kanisa kuu la Kianglikana, palikuwa soko la watumwa hadi mwaka 1873, Sultani Barghash bin Said alipotia saini mkataba na Waingereza wa kulifunga. Nimeona maandishi ya kuwaongoza wageni yanayopaita "soko la zamani la Mkunazini". Naomba tusiandike hivyo. "Soko la zamani" ni pahala palipouzwa muhogo au chumvi, wauzaji wakazeeka wakaondoka. Mkunazini waliuzwa watu, na maneno mawili "la watumwa" yakiondolewa, aliyebaki hajui amesimama juu ya nini.

Marikiti ni jambo jingine. Neno hili limetoka katika Kiingereza, na ukilitamka polepole utasikia jinsi Kiswahili kilivyolifanyia kazi: hakikupenda konsonanti zigongane, kikatia irabu kati yake, ma-ri-ki-ti. Lilipokuja lilikuta tayari tuna soko. Kwa nini basi lilipokelewa? Jibu langu ni kwamba lilikuja na kitu kipya: jengo. Ukumbi wenye kuta na paa, geti la kufungua na kufunga, meza za saruji zilizogawiwa, upande wa nyama, upande wa samaki, na mtu wa kutoza ushuru. Pale Darajani jengo la namna hiyo lilijengwa mwaka 1904, zama za Sultani Ali bin Hamud, na hadi leo linaitwa Marikiti Kuu. Kwa hiyo soko ni watu na biashara yao, na marikiti ni nyumba iliyojengwa ili biashara hiyo iingie ndani. Usiku, geti likishafungwa, soko halipo tena, lakini marikiti ipo.

Pana tofauti ya pili, na hii ndiyo huwapita wengi. Marikiti ni ya chakula. Mtu akikwambia "hiki nimekinunua marikiti", unajua ni samaki, nyama, kuku, mboga au matunda. Akikwambia "nimekinunua Darajani", inaweza kuwa simu, kanga, mkoba wa skuli au chaja. Darajani ni eneo zima, na jina lake limetokana na daraja lililokuwa likivuka mkono wa bahari uliotenga Mji Mkongwe na Ng'ambo. Maji yale yalifukiwa, daraja likaondoka, barabara iliyopita juu yake ikaitwa Creek Road na sasa inaitwa Barabara ya Benjamin Mkapa. Wanaosema "nakwenda Darajani" leo ni wengi kuliko wanaosema "nakwenda marikiti", hasa vijana. Lakini msikilize bibi anayemtuma mjukuu wake asubuhi:

"Pita marikiti uniangalilie kama kuna nguru. Kama hakuna, changu pia sawa. Na ukirudi njia ya Darajani usisahau betri za redio."

Amegawa eneo moja mara mbili katika pumzi moja, na mjukuu ameelewa pa kwenda kwa kila kitu.

Sasa, uandike lipi? Kama habari yako itasomwa Tanzania nzima, andika soko: Soko la Darajani, Soko la Mwanakwerekwe, Soko la Chake Chake. Msomaji wa Dodoma au Mbeya hatakwama. Kama unaandika hadithi, mahojiano, au kumbukumbu ya mtu wa Mjini, na mtu huyo amesema marikiti, mwachie marikiti yake. Ukiibadilisha kuwa soko umemnyang'anya umri wake na mtaa wake. Kwa msomaji wa Kenya kuwa mwangalifu kidogo, kwa sababu Mombasa wana Marikiti yao katika mji wa kale, na Nairobi wanaliita hivyo soko la Wakulima. Ukiandika "marikiti" bila kutaja Zanzibar, kila mmoja ataona ya kwao. Na usilipeleke neno hili vijijini. Sijamsikia mtu akisema "marikiti ya Kizimkazi". Hakuna aliyekataza, lakini halikai.

Hiyo -ni ya mwisho

Hapa ndipo mwanafunzi mgeni anapotambulikana, na hata mwenyeji akiandika kwa haraka huteleza. Soko hupokea -ni vizuri: sokoni. Likishaipokea, haliamrishi tena kama soko, linaamrisha kama mahali. Linganisha: "soko limejaa" na "sokoni kumejaa". Ya kwanza naisikia kwa mtu wa manispaa anayeeleza kuwa meza zote zimegawiwa, hakuna nafasi ya muuzaji mpya. Ya pili naisikia kwa mtu aliyesukumana na watu mchana kutwa. "Soko limefungwa" ni amri au ratiba. "Sokoni hakuna watu" ni siku ya mvua.

Ukitaka kulitaja soko kwa jina lake, chagua moja kati ya mbili: "kwenye Soko la Mwanakwerekwe" au "sokoni Mwanakwerekwe". Ile ya tatu ninayokutana nayo, "sokoni la Mwanakwerekwe", haisimami, kwa kuwa umeshaligeuza neno kuwa mahali halafu unalidai tena liwe kitu.

Marikiti haiitaki sana hiyo -ni. Watu husema "amekwenda marikiti", "yuko marikiti", kama wanavyosema "amekwenda skuli", "yuko posta", "katoka benki". Darajani nayo imeshavaa -ni ndani ya jina, na haina pa kuongeza.

Na kuna pahala ambapo -ni hubadilisha pesa mfukoni. "Bei ya soko" ni bei inayokwenda kwa wakati huo, popote ulipo. "Bei ya sokoni" ni ile utakayoikuta ukienda sokoni, tofauti na ya duka la mtaani kwako. Mkataba ukisema bidhaa itanunuliwa "kwa bei ya soko", na mtu akaandika "ya sokoni", pande mbili zinaweza kugombana na kila mmoja akawa na haki.

Soko lisilo na mahali

Likija suala la soko kama hamu ya wanunuzi, marikiti haina nafasi, wala diko, wala mnada. Ni soko peke yake. "Pweza ana soko." "Bidhaa hii haina soko." "Soko limelala." Soko la ajira, soko la utalii, soko la hisa, kote huko hutaweza kutia -ni wala kubadilisha neno.

Kwetu visiwani maana hii ina uzito wa pekee, kwa sababu mazao yetu makubwa mawili hayauzwi sokoni kabisa. Karafuu mkulima wa Pemba huichuma, huichambua, huianika juani, kisha huipeleka kituoni, kwenye kituo cha kununulia cha ZSTC, Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, lililoundwa mwaka 1968. Huwezi kuikuta karafuu ya mkulima imemwagwa mafungu kwenye soko la Wete ikigombaniwa bei. Hata hivyo utasikia watu Pemba nzima wakizungumza juu ya "soko la karafuu" msimu wote. Mwani ni hivyo hivyo. Kina mama wa Paje na Jambiani hulima mwani baharini, hubeba mizigo mizito yenye maji hadi nchi kavu, wakaanika, na mnunuzi huja kijijini na mizani. Mmoja akisema "mwani hauna soko", hasemi kwamba pamekosekana banda la kuuzia. Anasema amefanya kazi mwezi mzima ndani ya maji ya chumvi na bei aliyopewa haimlipi.

Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu nimeona mipango ikiandikwa kwa Kiswahili ambamo malalamiko ya "hatuna soko" yamejibiwa kwa ahadi ya "kujenga soko". Wanakijiji walilalamikia bei, wakaahidiwa jengo. Ukiwa mfasiri au mwandishi wa kumbukumbu za mkutano, liulize jambo hili pale pale: mama, unamaanisha hamna mahali pa kuuzia, au hamna wanunuzi? Sekunde tano za kuuliza zinaweza kuokoa mamilioni ya saruji. Ukishapata jibu, andika wazi: "wanunuzi ni wachache", "bei ni ndogo", au "hakuna mahali pa kuuzia". Neno soko liache pembeni kidogo.

Kwa njia hiyo hiyo, "afisa masoko" na "mkuu wa soko" ni watu wawili tofauti kabisa. Wa kwanza anakaa ofisini akitafutia bidhaa wanunuzi, huenda hajawahi kununua hata fungu la mchicha kwa ajili ya kazi yake. Wa pili anajua meza ya kila mtu na nani hajalipa ushuru.

Diko na mnada

Hapa ndipo nilipokosea mimi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Diko ni mahali pa pwani ambapo vyombo hufikia: ngalawa, madau, mashua, boti za mashine. Wingi wake ni madiko, na karibu kila kijiji cha wavuvi, Unguja na Pemba, kina lake. Ukienda utamkuta na bwana diko, anayeandika vyombo vilivyoingia na samaki walioletwa. Diko ni la mvuvi kama vile kiwanja kilivyo cha mchezaji. Hapo hutengenezwa nyavu, hupigwa kalafati, huzungumzwa habari za upepo, hutolewa zamu, husuluhishwa ugomvi. Samaki wakiwepo huuzwa. Wasipokuwepo, kama siku za kusi kali, diko ni diko vile vile. Ndiyo maana kuliita diko "soko la samaki" ni kulitazama kwa jicho la mnunuzi tu, anayekuja saa moja na kuondoka.

Mnada si mahali, ni namna ya kuuza. Umetokana na kunadi, yaani kutangaza kwa sauti, na mwenye kuuendesha ni dalali. Mnada unaweza kufanyika dikoni, unaweza kufanyika ndani ya marikiti, unaweza kufanyika nje ya mahakama kwa gari lililokamatwa. Tofauti yake na soko ni mwendo wa bei. Sokoni bei huanza juu, mnunuzi akaisihi ishuke:

"Asalaam alaykum, mama. Fungu la tungule wauzaje?"

"Waalaykum salaam. Elfu moja, mwanangu."

"Nipunguzie, nachukua mawili."

"Haya, lete elfu moja na mia nane. Na hii moja nakuongeza, imepondeka kidogo lakini kwa mchuzi haina neno."

Mnadani mambo huenda kinyume. Bei huanza chini na wanunuzi wenyewe ndio wanaoipandisha, kila mmoja akimwogopa mwenziwe. Nenda Tumbe, kaskazini ya Pemba, asubuhi vyombo vinapoingia. Samaki humwagwa chini mbele ya watu: changu, tasi, kolekole, pengine jodari mmoja amelazwa peke yake. Dalali husimama juu yao, hana karatasi, hana kengele. "Elfu ishirini! Ishirini na mbili! Na tatu, na tatu, nani anaongeza?" Wachuuzi wamezunguka, baiskeli zao zenye matenga zimeegemezwa nyuma. Hawapigi kelele. Mmoja ananyanyua nyusi, dalali anaongeza elfu. Mwingine anakuna kidevu, dalali anaongeza mia tano. Anayekuja mara ya kwanza hawezi kujua nani anapandisha, anaona bei inapanda yenyewe kama maji ya bamvua. Kisha dalali anamnyooshea mtu kidole, fungu limeshapata mwenyewe, na anahamia kwa jingine kabla hujapumua.

Nusu saa baadaye samaki wale wale wako sokoni, wamekatwa vipande au wametungwa mtungo, na mchuuzi aliyewanunua kwa kupandishiana sasa anakaa anasihiwa apunguze. Samaki mmoja amepita maneno matatu kabla ya saa tatu asubuhi: dikoni kateremshwa, mnadani kapata bei, sokoni kapata mlaji. Ukiandika habari ya bei ya samaki, ni lazima useme umeichukua wapi. "Jodari ameuzwa shilingi kadhaa" ya mnadani haifanani na ya sokoni, na msomaji anayekwenda na pesa ya mnadani kununua sokoni atarudi na kikapu kitupu akikulaumu wewe.

Tahadhari moja kwa wanaosoma magazeti ya Bara. Huko mnada mara nyingi ni mahali na siku: mnada wa ng'ombe, mnada wa Pugu, watu wanakwenda "mnadani" kununua mitumba, sufuria na nyama choma, na bei wanapatana kama sokoni tu. Si kosa, ndivyo neno lilivyokua kwao. Lakini ukiliingiza kwa maana hiyo katika habari ya Unguja, msomaji wa hapa atamtafuta dalali.

Mengine kwa haraka

Gulio ni soko la siku maalumu, linalokusanyika na kutawanyika. Ni neno zuri, litumie kwa Bara likiwa ndilo lenyewe. Visiwani halina kazi kubwa; umbali baina ya kijiji na mji ni mdogo, mtu hasubiri siku ya wiki ili apate chumvi.

Genge ni la jirani. Meza, banda la makuti au mabati, tungule, vitunguu, mbatata, ndimu, nazi, pengine dagaa. Mtoto hutumwa gengeni na mia tano mkononi. Tofauti yake na duka ni kwamba dukani kuna sabuni, mchele na unga, gengeni kuna vya kuoza. Tofauti yake na soko ni moja: genge lina mwenyewe mmoja, na soko halina mwenyewe. Magenge matatu yakikaa pamoja watu huanza kusita waseme "gengeni" au "sokoni", na mimi nadhani kusita huko ni halali.

Vipimo navyo hukusaidia kuchagua, na nashangaa kwa nini havitumiwi zaidi kufundishia. Ukisikia fungu, mtungo, pakacha au pishi, uko sokoni au karibu yake. Ukisikia kilo na gramu zilizochapwa kwenye kibandiko, uko supamaketi. Karafuu ina mambo yake: mchumaji hulipwa kwa pishi, na kituoni hupimwa kwa kilo. Mzigo ule ule umebadilisha lugha njiani.

Bazari na souk utayaona kwenye vibao vya kuwavutia wageni. Souk ni lile lile suq lililotupa soko, limezunguka Ulaya likarudi limevaa tahajia ya Kifaransa. Sioni sababu ya Mzanzibari kumwandikia Mzanzibari mwenziwe neno hilo wakati la kwake analo, na limetoka chimbuko hilo hilo.

Halafu Forodhani. Vitabu vya wageni huita "soko la usiku", na ukikaa pale magharibi ikiingia utaona kwa nini: meza zimepangwa, taa zimewashwa, mishikaki, urojo, juisi ya miwa, watu tele. Vigezo vyote vya soko vimetimia. Lakini mwenyeji hasemi "twende soko la usiku". Anasema "twende Forodhani", na jina hilo limetokana na forodha, mahali pa kutoza ushuru wa bidhaa za meli. Ukimfasiria mgeni, mpe maelezo ya soko la usiku kama unataka, kisha mpe jina, kwa sababu akimuuliza mtu njiani "soko la usiku liko wapi" anaweza kuelekezwa kokote penye taa.

Lile tangazo la wavuvi niliomba niliandike upya, na ofisi ile ikakubali. Mara ya pili lilibandikwa kwenye shina la mkungu wenyewe, mahali ambapo nyavu hutengenezwa, na lilisema: "Wavuvi na manahodha wote, tukutane dikoni Jumamosi, mara baada ya mnada. Wachuuzi wa samaki, kikao chenu kitakuwa sokoni, kwenye banda la barabarani, saa tano." Saa tulishauriwa na bwana diko tusiiweke kwa wavuvi, kwa kuwa mnada hufuata maji, na maji ya Jumamosi ile yalikuwa yajae alfajiri.